Shikamoo Iliyoshusha Panga

S.L.P. 418,
Morogoro.
Jumapili, 21 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba Dominiko,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Sumbawanga, na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua. Sisi huku tupo. Mama yuko Kinole, magoti yanamuuma kila mvua ikinyesha, na masika ya mwaka huu hayana mchezo. Ukungu haujaondoka mlimani tangu Pasaka.

Ninakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Najua umekasirika. Tangu yule kijana aliponizaba kibao kupitia dirisha la mapokezi mwezi wa kwanza, unataka niache kazi ya kituo cha afya, nirudi nyumbani kwenye mikarafuu na mama. Nikasema nitafikiri, ukasema mpwa hafikiri mjomba akishaamua, ukakata. Sasa kwenye karatasi huwezi kunikata. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue.

Baada ya kile kibao, mganga mfawidhi alituletea mwalimu wa kutufundisha namna ya kuwapoza watu wenye hasira na kujilinda sisi wenyewe. Anaitwa Mama Editha, askari magereza mstaafu, mfupi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Tulipomwona tulitazamana. Semeni akaninong'oneza kwamba huyu upepo ukivuma Mzumbe, tutakwenda kumwokota Dumila. Semeni unamkumbuka, yule wa dirisha la kadi aliyekufokea ulipokalia benchi la wajawazito. Hujamsahau, najua.

Mama Editha hakuanza kwa maneno. Alianza kwa kututuma tuhamishe meza. Miaka yote hii mimi nilikaa kwenye kona, nyuma ya dirisha, meza imenizibia mlango, na sikuwahi kuliona hilo. Akaigeuza meza, mlango ukawa nyuma yangu, nikahisi kifua kinafunguka. Mjomba, kugeuza meza tu.

Halafu akatufundisha kusimama: upande, mbali kidogo pasipofikiwa na mkono, viganja wazi vionekane. Mtu akishawaka usimwambie atulie, maana hajatulia hata mmoja kwa kuambiwa. Mwache aseme mpaka aishiwe. Na ukiona hapozeki, kimbia. Hilo alilirudia sana, kwamba kituo kitaajiri mwingine lakini mama yako hatazaa Prisca mwingine.

Kisha akajifanya yeye ndiye mgonjwa mwenye hasira. Yule mama wa miwani ya uzi alibadilika mbele yetu, sauti ikajaa chumba, nikajikuta nalia kama siku ile ya kibao. Hakunicheka. Alinisubiri, akaanza upya, tena na tena, mpaka machozi yakakauka na miguu ikajua pa kwenda.

Mwishoni akatuuliza ni nani kati yetu husalimia watu dirishani. Tukainamisha vichwa. Foleni ndefu, na sisi kutwa ni "kadi", "jina", "anayefuata". Akasema turudishe salamu. Semeni akaguna, akasema salamu zitatuchelewesha.

Sasa nikupe habari ya Jumanne iliyopita. Alfajiri bodaboda ilimleta binti mmoja, Faraja, kutoka ng'ambo ya Kinole, uchungu umemkaba na mtoto amelala vibaya tumboni. Wakunga wakaona hawamuwezi, gari likamkimbiza hospitali kubwa pamoja na wifi yake. Huko kwao hakuna aliyepata habari kwamba amehamishwa, mtandao ulikatika kwa mvua.

Asubuhi baba yake akaingia, Mzee Anselmi. Ametoka migombani moja kwa moja, matope mpaka magotini, panga mkononi kama wanavyoshuka nalo wazee wote wa kwetu. Akapitiliza wodini, akakuta kitanda kimetandikwa shuka jipya, na khanga ya mwanawe iko kwenye ndoo ya nguo chafu. Akaamini binti amekufa na sisi tunamficha.

Alirudi mapokezi akapiga dirisha langu kwa bapa la panga, kioo kikamwagika mapajani mwangu. "Nipeni maiti yangu," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Akanyanyua panga tena. Mimi miguu ikanitoa yenyewe mpaka kizingitini. Ningekuwa bado kwenye ile kona ya zamani, leo mama angekuwa na msiba.

Hapo nikamwona Semeni anainuka. Semeni huyo huyo, ambaye ningeapa kwamba angetukana. Akatoka, akasimama upande, viganja wazi, akasema taratibu, "Kondo, kalete kiti cha mgeni." Hiyo ndiyo ishara tuliyopanga na Kondo, mlinzi wetu, awatoe watu kwa mlango wa nyuma na kuita msaada. Kondo akasahau mafunzo yote, akaenda kuleta kiti.

Semeni akainamisha kichwa. "Shikamoo baba." Akarudia, "Baba, shikamoo." Panga liko juu, wagonjwa hata kukohoa hawakohoi. Mara ya tatu akasema chini zaidi, kama anamwamkia baba yake mwenyewe jikoni kwao. "Shikamoo baba yangu."

Mzee akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Marahaba," akasema, na mkono ukashuka.

Mjomba, nimeliona kwa macho yangu na mpaka leo nashangaa. Mzee wa kwetu hawezi kuiacha chini shikamoo ya mtoto, hata akiwa amefiwa, na marahaba haitoki panga likiwa juu. Nilisisimka mwili mzima. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikifanyika kwa sauti ndogo.

Semeni akamuuliza anamtafuta nani. Akataja jina la Faraja. Mimi ndiye niliyejua alikopelekwa. Nikarudi mezani, vioo vinalia chini ya viatu, nikapiga simu hospitali mpaka wakampata wifi, naye akampa Faraja. Nikaweka sauti kubwa wote tusikie. "Baba, ni mimi. Wamenipasua. Ni wa kiume." Mzee akarudi nyuma akakaa. Kiti kilikuwa pale pale, Kondo amekishika kwa mikono miwili.

Alimkabidhi Kondo panga, mpini mbele, akalia. Tukalia wote, na Kondo ndiye aliyezidi. Nilipompigia Mama Editha, alitaka kwanza kujua kama kuna aliyeumia. Akasema salamu alitufundisha yeye, lakini moyo wa kuirudia mara tatu ni wa Semeni mwenyewe.

Mjomba, sitaki kuacha kazi hii. Siyo ubishi. Nataka na mimi niweze kufanya alichofanya Semeni. Mama Editha anataka nimfuate nikajifunze zaidi, nije kuwafundisha wa vituo vingine, tuanze mwezi ujao. Mama ameridhia, ila anasema wewe ndiye mwenye neno. Usiporidhia sitakwenda, na unajua sitakwenda.

Msalimie sana Mama Castory, na Castory mwenyewe mwambie viatu alivyoahidi bado navisubiri. Semeni naye anakusalimu, anasema benchi la wajawazito bado ni la wajawazito. Mungu akutunze wewe na mgongo wako, akupe usingizi mtamu.

Nilikuamkia mwanzoni mwa barua hii. Nakuamkia tena hapa, shikamoo Mjomba. Na hii ni ya tatu: shikamoo Mjomba wangu. Simu iko mkononi, nasubiri uitikie.

Mpwa wako akupendaye,
Prisca