Rangi Mpya ya Kiwanda

Mdogo wangu Redio,

Pokea salamu zangu za moyoni. U hali gani wewe, na wifi yangu je, na watoto? Mgongo wa mama umemwachia au bado wanagombana? Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umenikimbia, na sababu utaisoma humu humu. Barua hii nimempa mwenzangu anayekuja likizo akutilie mkononi, kwa kuwa simu zangu ni za kampuni na najua zinasikilizwa.

Barua yako niliipata. Uliandika kwa furaha mpaka nikakuona unavyochekelea. Kiwanda chenu cha nguo kimepakwa rangi ndani na nje, mmepewa sare mpya, wapiga picha wamewapiga hata nyinyi mafundi wa mashine na grisi zenu usoni, na mwisho wa mwezi anakuja mgeni mkubwa kutoka makao makuu kuwapongeza. Ukasema kazi sasa ni ya kudumu, kwa hiyo nyumba ya mama imeshapata mnunuzi na nyote mnahamia nyumba za wafanyakazi kule kiwandani. Ukaniomba niridhie, maana mimi ndiye mkubwa.

Ngoja kwanza nikueleze ninapofanyia kazi, kwani kila ukiniuliza nakujibu juu juu. Jengo letu ni refu mpaka lifti inaziba masikio. Chini kuna benki, katikati wanasheria, juu yao watu wa bima, na juu kabisa sisi, ndiyo hayo makao makuu ya kiwanda chenu. Mtaa mzima ni majengo ya namna hiyo, yamebanana. Humo utakuta watu wa kila lugha, wote wana haraka, wote wanakunywa kahawa wakiwa wima. Bei ya kushona shati huko kwenu inapangwa humu, na watu ambao kifungo kikiwakatika wanampelekea fundi. Asubuhi wakiona mishahara ya nchi fulani imepanda, jioni wameshachagua nchi nyingine. Wala hawapigi kelele. Wanacheka, wanaulizana habari za watoto. Wangekuwa na roho mbaya ningewaelewa, lakini hivi walivyo wananitisha, mdogo wangu, nakwambia kweli.

Kazi yangu ni ukalimani. Wakizungumza na viwanda vya mbali, mimi nakaa pembeni nageuza maneno, na kwa kukaa pembeni nimeujua utaratibu wao. Kiwanda kinachobaki hakipakwi rangi ng'o! Kinaachwa na kuta zake chafu na kufokewa kila siku kwa oda zilizochelewa. Kinachobembelezwa ni kile kinachofungwa. Rangi ni ya kumvutia mtu wa kununua jengo. Sare na pongezi ni za kuwatuliza nyinyi, mmalize oda za mwisho na msichomoe vipuri, kwa sababu mashine zinahamishwa. Siku hizi wenzangu wakisikia mahali pamepakwa rangi, hutazamana tu, kisha hurudi kwenye kompyuta zao.

Basi ndiyo hivyo. Kiwanda chenu kinafungwa. Nilikuwamo chumbani walipokubaliana. Nilitaka kusema kwamba pale yupo mdogo wangu, kwamba mji mzima unakula pale. Niligeuza maneno yao mpaka la mwisho. Ningesema, wangenisikiliza kwa adabu, wakaniletea glasi ya maji, wakaendelea.

Usiuze nyumba ya mama! Nakukataza kama mkubwa wako, na ukitaka nikupigie magoti nitakupigia. Mwambie mnunuzi dada amekataa, mwambie nina kichwa kigumu, nitukane upendavyo. Mama hawezi kuanza kutangatanga na mgongo ule. Na wenzako pia waambie wasihame. Tulikubandika jina la Redio kwa vile hakuna jambo usilolitangaza, na nimekugombeza sana kwa hilo. Safari hii tangaza, ila usiseme umelisikia wapi.

Limebaki moja. Mgeni huyo hajui lugha yetu, atakuja na mkalimani, na mkalimani mwenyewe ni mimi. Nilijaribu kukwepa, nikasingizia ugonjwa, wakasema watanisubiri nipone. Nitasimama kando yake mbele yenu nyote. Usinikimbilie, wala usiniite dada. Wakijua sisi ni ndugu, watajua habari ilitokea wapi. Mgeni atasema hakuna atakayepoteza kazi, na mimi nitayarudia maneno hayo kwa Kiswahili, kwa sauti hii hii unayoijua, labda nikikutazama machoni. Usiniamini.

Wabusu watoto, waambie ni shangazi yao amesema. Msalimie wifi. Mama mwambie namkumbuka sana, lakini chonde, usimwambie kwamba nakuja.

Ni mimi,
Dada yako