Keria Tuliyoifunga Ili Njeri Aonwe

Baba Njeri wangu,

Nimeketi mlangoni hapa Ruiru, miguu juani, na nimeamua kukuandikia habari za ile keria ya pikipiki, kile chuma cha kubebea mizigo, tangu mwanzo.

Unakumbuka siku barua ya mama yako ilipotufikia. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tisa, vizuizi vya kusafiri vya Hali ya Hatari vimeanza kulegezwa. Mama alikuwa kibarua kwenye shamba la pareto huko Naro Moru, na tulikuwa hatujamwona kwa miaka saba. Aliyemwandikia alikuwa karani wa shamba, na maneno yalikuwa machache: macho yake yalikuwa yanafifia, na alitaka kumwona mtoto aliyepewa jina lake kabla hayajazimika kabisa. Njeri wetu alikuwa na miaka miwili. Uliikunja karatasi ile, ukatoka nje, ukaizunguka pikipiki yako kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

Kwenye kiwanda cha kahawa nje kidogo ya Thika, tulikoishi wakati huo, walikupa ruhusa ya siku nne. Kwa basi, kwenda na kurudi kungezimaliza karibu zote, maana kutoka stendi hadi shambani ni mwendo mrefu wa miguu. Pikipiki ingetufikisha kwa siku moja. Shida ilikuwa mzigo. Wewe mbele, mimi nyuma, Njeri mgongoni kwangu. Blanketi za mama, unga, sukari, nguo za mtoto na spana zako zingekaa wapi?

Ukaenda Thika kwa Fundi Hamisi, yule mchomeleaji wa karibu na stesheni ya reli. Akakutengenezea keria ya vyuma vyembamba, mkaifunga kwa bolti juu ya madigadi ya nyuma, lile bati la kuzuia tope. Mimi nilishona mifuko miwili ya turubai, ya kuning'inia huku na huku, kwa sindano ya magunia iliyonitoboa kila kidole. Jumamosi uliijaza mchanga ukatoka Thika kuijaribu. Karibu na Juja madigadi ilipasuka, keria ikaangukia gurudumu, ukatupwa barabarani. Ulifika nyumbani jioni ukiisukuma pikipiki, mkono umechubuka kuanzia kiwiko, na mfuko mmoja umeungua tundu pale ulipogusa ekzosi, bomba la moshi.

Nilikuwa nakuosha mkono kwa maji ya chumvi uliposema, "Basi. Siwezi kuua mtoto ili aonwe."

"Hakuna atakayekufa," nikakujibu. "Kesho kutwa tunarudi kwa Hamisi, na mimi nakuja."

"Wewe unajua nini juu ya pikipiki?"

"Pikipiki sijui. Mzigo naujua."

Tulipanda pikipiki hadi Thika. Hamisi alipoona nimeshuka na mtoto mgongoni alicheka kidogo, lakini alisikiliza. Nilimwambia nimebeba kuni tangu nikiwa msichana. Mzigo ukining'inia mbali na mgongo unakuvuta nyuma mpaka shingo inauma. Ukiushusha na kuukaza karibu na mwili, unatembea nao. Na wewe ulikuwa umeweka mchanga wote nyuma kabisa, juu ya bati jembamba.

Hamisi aliinama akaitazama pikipiki. "Mama Njeri anasema kweli," akakwambia. "Madigadi si ya kubeba. Tushike fremu yenyewe."

Mlifanya kazi siku nzima. Mguu mmoja wa keria mliufunga kwenye fremu chini ya kiti, mwingine mkaushusha hadi karibu na ekseli ya gurudumu, na kipande cha chuma kikapita nyuma kuunganisha pande mbili zisichezecheze. Mliniketisha kwenye kiti, Njeri mgongoni, Hamisi akachora kwa chaki mahali magoti yangu yanapofika, ili mifuko isogee mbele bila kunibana. Upande wa ekzosi mliinua mfuko kiasi cha shubiri na kuweka bati la kukinga moto. Chini ya kila nati mkatia washa, kile kipete cha chuma cha kuizuia isilegee. Ulizikaza, ukazunguka, ukazikaza tena.

Mchanga uleule tuliugawa sawasawa, ukaenda hadi Ruiru na kurudi. Uliposhuka ulishika kila bolti kwa mkono. Hakuna iliyolegea. Kisha ukanibebea Njeri mpaka nyumbani, na hiyo kwako ilikuwa maneno mengi.

Siku ya safari, mvua ilitukuta baada ya Murang'a. Barabara iligeuka utelezi, mara tatu nikashuka na kutembea nyuma yako kwenye tope. Blanketi zilifika kavu.

Mama alikuwa amekaa nje ya kibanda chake. Njeri alimwogopa, akalia, akajificha kwenye sketi yangu. Mama hakumlazimisha. Alingoja hadi mtoto alipochoka kulia, akamwita kwa jina lao, akamgeuza uso kwenye mwanga wa jua la alasiri. Alimtazama kwa karibu sana, pua karibu iguse pua.

"Paji hili ni langu," akasema. "Nimemwona. Inatosha."

Wewe uligeuka ukajifanya unafungua mifuko. Nilikuona, Baba Njeri. Kabla ya mwaka kwisha tulipata habari kwamba haoni tena, na mwaka uliofuata akatuacha.

Sasa nikwambie kwa nini nimeshika kalamu. Wiki jana Njeri, naye ana mvi siku hizi, aliniuliza kama ni kweli aliwahi kumwona cucu wake, mama yako, au ni hadithi tulizomtungia ili asijisikie vibaya. Hakumbuki lolote. Ghafla niliona kwamba tangu tulipokuzika, mimi ndiye pekee duniani aliyekuwa pale na bado anakumbuka. Uzito huo sikuwa nimeupima.

Kwa hiyo nimemwambia atafute gari, tunakwenda Naro Moru mwezi wa nane. Amenitajia magoti yangu, amenitajia daktari. Nimemjibu nitakwenda hata kwa kubebwa. Nitamwonyesha mahali kile kibanda kilipokuwa, nimsimamishe pale jua la alasiri linapopiga, na kumwambia: hapa ndipo ulipotazamwa.

Lala salama, mwenzangu wa njia ile.

Mkeo,
Mama Njeri