Picha ya Mama Akipeta Mpunga

San Roque,
Aprili 20, 1931

Kaka yangu mpendwa Melecio,

Nakuamkia kwa heshima, na ingawa uko mbali nauweka mkono wako kwenye paji la uso wangu. Waendeleaje na Manila, na kile kifua? Sisi tu wazima. Pilar ameota meno mawili na anamng'ata kila mtu ila baba yake.

Huku ni wewe tu midomoni mwa watu. Mkuu wa mji ametangaza kwamba siku ya sikukuu ya mtakatifu wetu utakuja kuonyesha uwanjani sinema yako ya kwanza, ile uliyoipiga hapa kabla hujajulikana. Shuka la kuonyeshea limeshashonwa. Tasyo kinyozi, aliyekuwa akikucheka ukizungusha mkono wa ile mashine yako ya kupigia picha, kwamba unasaga kahawa bila kahawa, sasa anawaambia wateja ni yeye aliyekushauri uende Manila.

Kaka, ulipoandika kuuliza kama ule utepe wa sinema bado umo sandukuni kwa Mama, nilikujibu umo, salama. Nilikudanganya. Haupo.

Desemba ulianza kunuka. Jirani yetu Bining akaniuliza nimeficha mzoga gani, na huyu mtoto atapumua nini. Nikadhani ni taka zako za zamani, na kwamba picha nzuri ulikwenda nazo. Tukauloweka kwenye maji ya majivu, tukausugua mpaka ukawa mweupe kama kioo, tukaukata, tukauzungusha, tukawatengenezea watoto tarumbeta za mwaka mpya, kama wafanyavyo wengi.

Nilikuwa mdogo ulipoipiga sinema ile, sikuwahi kuiona. Barua yako ndiyo iliyoniambia kilichokuwamo: Mama anapeta mpunga, anageuka, anacheka. Hakuacha picha nyingine duniani.

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimepata tarumbeta tisa, zote tupu, hata kivuli hamna. Na linaloniua ni hili: asubuhi ile ya mwaka mpya watoto walimpuliza Mama barabara nzima, nami nimesimama dirishani na Pilar, napiga makofi.

Jumapili baada ya misa nitamwambia mkuu wa mji mwenyewe, lawama isikufike wewe. Ila njoo, Kaka, nakusihi. Mimi sura ya Mama imeanza kunitoka. Wewe ulimtazama kwa ile mashine. Njoo ukae nami jikoni unieleze aligeukaje, na alicheka nini.

Shemeji yako Ciriaco anakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, kwa maana naamini utakuja.

Mdogo wako, asiye na uso wa kukutazama,
Dorotea