Kompyuta ya Mwalimu Kastori

Namawala, Ifakara
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee kama vile nimepiga goti mlangoni kwako, ingawa kati yetu kuna siku mbili za basi. Mguu unaendeleaje? Kahawa imekubali mwaka huu? Na lile blanketi nililokutumia, unajifunika au umelitunza kwa ajili ya wageni? Nakujua. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku nimelizoea, mbu nao wamenizoea, na wali wa huku ukiuonja hutautaka tena ule wa mchele wa dukani kwetu Mbinga.

Ningepiga simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu na nyumba nzima inasikiliza. Hili nataka ulisome peke yako.

Nilikwambia kuwa hapa shuleni wamenikabidhi chumba cha kompyuta. Ni mashine nane za mezani, kuukuu, ambazo shule ilipewa na ofisi moja ya mjini Ifakara iliponunua mpya. Alizitunza Mwalimu Kastori, aliyefundisha kabla yangu. Alifariki mwaka jana, nami nikaletwa kuziba pengo lake. Siku ya kwanza niliingia peke yangu, nikafunua kitambaa cha mashine ya meza ya mwalimu, nikaiwasha, nikageuka kutafuta kiti. Nyuma yangu mwanamume akasema, "Hamjambo? Nyoosheni migongo. Tuanze."

Nilifika ofisi ya walimu na kiatu kimoja. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mkuu wa shule akaniambia, "Huyo ni Kastori. Alijirekodi mwenyewe ili watoto wakae sawa. Mashine ikiwaka tu, anaongea. Utamzoea."

Sikumzoea. Kila asubuhi saa mbili nikiiwasha ile mashine alisalimia, na darasa zima likasimama na kumjibu, "Hatujambo, mwalimu." Hawakuwa wakinijibu mimi, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale mbele yao. Nitakwambia ukweli, nilimwonea wivu marehemu.

Na kila asubuhi saa hiyo hiyo, kwenye benchi la nje chini ya dirisha, alikaa Mama Leonia, mjane wake. Anauza vitumbua shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne. Nilimuuliza mbona anawahi hivyo. Akasema, "Jua likipanda njia inachosha, mwalimu." Akishaisikia ile sauti alijifunga kanga vizuri, akaenda kuchota maji, kisha akarudi saa nne na ndoo yake ya vitumbua. Hakuna mwalimu aliyemsema, na mimi nikafuata desturi niliyoikuta.

Sasa, mama, zile mashine zilikuwa zinaelekea kaburini. Mfumo uliokuwamo, yaani ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiendesha, ulizizidi nguvu. Ukiwasha unaweza kwenda kunywa chai ukarudi ukakuta bado inafikiri. Nikaanza kujaribu mifumo myepesi. Iko mingi na ni ya bure. Watu wa nchi mbalimbali wanaitengeneza na kuigawa, na ruksa mtu yeyote kuifungua aone ilivyofumwa. Unauweka mfumo kwenye flashi, unaichomeka, na kompyuta inaamkia humo bila kugusa vilivyomo ndani yake. Ukiupenda ndipo unausimika moja kwa moja, na hapo vya zamani vyote vinafutika.

Nilikuwa na flashi mbili. Kwenye moja nilihifadhi sauti ya Mwalimu Kastori, maana nilijua ninachokigusa. Nyingine niliifanya ya majaribio. Mfumo wa kwanza uliikataa kibodi. Wa pili uliwaka, ukakaa kidogo, ukazimika, na kabla sijajaribu mwingine ile flashi yenyewe ikafa. Basi wa tatu nikauweka kwenye flashi ya sauti. Flashi ikiwekwa mfumo hufutwa yote kwanza, hilo nalijua kama ninavyoijua Baba Yetu. Nikajiambia, sauti yenyewe si imo kwenye mashine yake? Nitainakili tena.

Ule wa tatu uliwaka kabla sijamaliza kufungua dirisha. Niliruka kama mtoto. Mashine zilizokuwa za kutupwa zikawa zinafungua kurasa kwa kasi, na mkuu wa shule akasema nizifanye zote kabla ya mitihani.

Wiki ile mvua ikashuka, bati likavuja upande wa meza ya mwalimu, tukazihamishia mashine zote upande mkavu. Zote ni za kijivu na sura moja. Nilikuwa nimeziandika namba kwa chaki, na namba zikalowa zikafutika, nami nikaziandika upya kwa kukumbuka. Ijumaa mchana umeme uliporudi nikaanza kusimika. Mashine inauliza, nifute vyote vilivyomo? Unakubali. Inauliza tena, una hakika? Unakubali. Nilizifanya saba huku naimba, nikaiacha moja, ya Mwalimu Kastori. Sikuiwasha kwanza nikahakikisha. Ningeiwasha, angesema mwenyewe.

Jumatatu saa mbili niliiwasha ile niliyoiacha. Ikafikiri kwa muda wake, ikafunguka kimya, na picha ya ua kwenye kioo. Haikuwa yake. Watoto walikuwa wamesimama, wanasubiri. Kisha wakajibu hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, "Hatujambo, mwalimu," wakakaa.

Nilichungulia dirishani. Mama Leonia hakujifunga kanga, wala hakuinuka.

Nilimdanganya, mama. Nilimwambia mashine inaumwa, naitibu. Akasema, "Pole nayo." Nikapekua mashine zote nane na ile flashi iliyobaki, nikawauliza walimu kama kuna aliyewahi kuinasa ile sauti kwenye simu yake. Hakuna. Nani angerekodi kitu kinachosema kila siku? Majuto ni mjukuu, nami wangu nimemzaa wiki hii. Na sasa ikifika saa mbili namsikia. Si kwenye mashine, ni hapa nyuma ya shingo yangu: nyoosheni migongo. Nageuka, na watoto wananitazama ninavyogeuka. Naogopa, mama, na ninaona aibu kuogopa.

Alhamisi wakati wa mapumziko nilimfuata pale kwenye benchi.

"Mama Leonia, ile sauti nimeifuta mimi. Kwa mikono yangu. Haipo tena popote."

Akanifungia vitumbua viwili kwenye karatasi kama kawaida, akanipa. Kisha akaniuliza bila hasira yoyote, kama mgeni anayeulizia njia, "Sasa kesho saa mbili niwe naenda wapi?"

Nilisimama na vile vitumbua mpaka kengele ikalia.

Msalimie baba mdogo Kosmasi anayepiga kengele ya kanisa la kigango, na shangazi Teofila, umwambie bado navaa sweta lake hata kama huku halina kazi. Wabusu watoto wa dada Rozi. Barua hii usiwasomee.

Kuna jambo limenirudia wiki hii. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Nililikuta shati lake la kijani chini ya mto wako, nikaona lina jasho, nikalifua kwa sabuni mara mbili na kulianika, nikitaka unisifu. Ulilikuta kwenye kamba. Ulilishika kwa mikono yote miwili, ukasema, "Ahsante mwanangu, umefua vizuri," ukaingia ndani. Mpaka nimekuwa mtu mzima sikujua nilichokufutia siku ile. Nisamehe, mama. Hukuniambia hata mara moja.

Lakini kesho yake uliamka. Nakumbuka ulitupikia uji, ukajitanda, ukatoka. Niandikie hilo tu, nikamwambie Mama Leonia: asubuhi ile ulienda wapi?

Mwanao,
Skola