Mlango Unaofungukia Nje

Iyunga, Mbeya
8 Julai 2024

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na nyingine umpelekee Mama jikoni. Nakusalimu pia kwa kikwetu, kamwene, maana tangu niolewe huku Mbeya nimebaki na mtu mmoja tu wa kumwambia neno hilo, naye ni muuza maharage wa sokoni. Mguu wako unaendeleaje? Na sikio? Mama aliniambia kwamba hata la kushoto sasa linakataa, ila ukiitwa kula unasikia vizuri. Nilicheka kidogo, na hicho ndicho kicheko changu cha kwanza tangu msiba.

Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua. Tumpe anakwenda shule. Yotamu ametimiza miaka mitatu na bado anafunga kila kinachofungika. Baridi ya mwaka huu haina adabu, asubuhi maji ya ndooni yanauma hadi kwenye mifupa. Ipyana anakwenda kazini Uyole, anarudi, anakula, analala. Mazungumzo yetu ni ya chumvi na sabuni tu.

Barua hii anakuletea Ambrosi, yule mwenye lori la viazi, ambaye amekubali kukata kona mpaka Tosamaganga kwa ajili yangu. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwako simu ni mpaka mtu apaaze sauti, Baba, na ninachotaka kukueleza si cha kupaaziwa sauti. Kisome peke yako, uwe umevaa miwani.

Nimesikia kwa Mama kwamba umeuweka mwiko wako wa kujengea juu darini, na watu wa parokia umewaambia watafute fundi mwingine wa kumalizia ukuta wao. Nimesikia pia kwamba umenunua mbuzi, na kwamba Jumamosi wewe na Baba mdogo mtapanda basi kuja kwenye kikao cha ukoo wa kina Ipyana, kuomba radhi kwa ajili ya bafu. Baba, usije. Mbuzi arudi zizini. Nitakueleza kwa nini, ila niruhusu nianzie mbali, maana mwanao ni mwoga na mwoga hupenda kuzunguka.

Unakumbuka ulivyotukuta baada ya Pasaka. Baba mkwe, Mzee Anyitike, alikuwa ameletwa kutoka Tukuyu baada ya kiharusi kumchukua upande wote wa kushoto. Choo chetu kilikuwa cha kuchuchumaa, bafu lina kizingiti cha kuruka, na Ipyana alikuwa akimbeba baba yake mgongoni asubuhi na jioni. Mzee alikuwa akifumba macho njia nzima. Mtu aliyewahi kuwa mzee wa kanisa, ana ng'ombe wake na migomba yake, anabebwa kwenda chooni. Ipyana alikuomba uje utengeneze tu, akadhani ni kazi ya siku tatu.

Wewe siku mbili nzima hukushika hata tofali. Ulikaa kwenye kigoda pale koridoni ukaangalia anayeingia na anayetoka, mpaka majirani wakasema mkwe wa Ipyana ametoka Iringa kuja kulinda choo. Ukamuuliza kila mtu anataka nini. Tumpe akataka kioo. Ipyana akataka marumaru za kung'aa kama za hotelini. Ukamjibu kwa upole kwamba marumaru za kung'aa ni za watu wenye miguu miwili. Halafu ukaingia kwa Mzee na kamba yako ya katani, ukampima urefu akiwa amesimama, urefu akiwa amekaa, na mwisho wa mkono wake wa kulia, kila kipimo fundo lake. Mlicheka mle ndani. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo.

Alipotoa jibu lake, ulikuja kuniambia jikoni. Alikuwa amesema hahitaji kitu ila asikutane na mkwewe. Unaijua desturi yao, Baba, na unajua mimi nilivyoipokea. Kwa Wanyakyusa wa umri wake mke wa mwana hamwoni baba mkwe uso kwa uso, hasemi naye, wala hawapishani njia moja. Zamani kila mtu alikuwa na nyumba yake na kichochoro chake. Sisi tuna korido moja. Vijana wao wengi wameshaiacha, hata mawifi zangu walikuwa wakinicheka, lakini mimi ni mgeni, na mgeni akikosea hasemwi yeye peke yake, wanasemwa pia waliomlea. Kwa hiyo niliishika. Akikohoa chumbani, naingia jikoni na kurudisha mlango. Chakula naweka kwenye kigoda nje ya chumba chake, nagonga ukuta, naondoka. Karibu mwaka mzima sikuwahi kuuona uso wake sawasawa, na hakuwahi kuniambia neno hata moja.

Basi ukajenga. Choo cha kukaa, kimeinuliwa. Benchi la saruji la kuogea, bomba la maji chini, karibu na mkono. Sakafu ya saruji uliyoichora kwa ufagio ikiwa mbichi ili miguu ishike. Kizingiti ukakiondoa. Ukaweka chuma cha kushikilia upande wa kulia, kimoja kirefu, kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi, bila kukatika. Mlango ukaufungulia nje na bawaba zake nje, ukanionyesha kwamba pini zake mbili zinatoka kwa msumari na nyundo, ili mtu akianguka ndani asizuie mlango kwa mwili wake. Komeo la ndani ukakataa kabisa. Ulisema mgonjwa wa kiharusi hajifungii. Badala yake ukapiga msumari nje, ukatundika taulo jekundu: likiwepo, kuna mtu.

Baba, lilikuwa bafu zuri. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Mzee alikwenda peke yake, gongo kaliacha mlangoni, mkono kwenye chuma, hatua kwa hatua. Siku ya tatu alioga akiimba wimbo wa kanisani, na Ipyana akatoka nje kwenda kulia nyuma ya nyumba. Tulikaa hivyo majuma sita.

Unayoyajua wewe ni haya: kwamba tarehe kumi na mbili Juni, siku ya Jumatano, Mzee alianguka bafuni asubuhi, akavunjika nyonga, baridi ikamwingia kifuani, na Ijumaa akafariki hospitalini. Kwamba mimi nilikuwa bustanini nyuma sikusikia. Kwamba msibani Tukuyu shangazi yake Ipyana alisimama akasema kaka yake ameuawa na sakafu ya fundi wa Kihehe, na neno hilo likasafiri mpaka kwako. Nilikuwepo aliposema. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nina kanga kichwani, na nikainama.

Sakafu yako haitelezi, Baba. Juma lililopita Ipyana alichukua sururu akataka kuivunja yote. Aligonga mpaka akachoka, akapata vipande viwili vidogo. Ikamshinda, akakaa juu ya lile benchi.

Sasa nisikilize. Mwishoni mwa Mei, siku moja, taulo lilikuwa limeanguka nyuma ya ndoo na mimi sikuliona. Nilikuwa nimebeba beseni la nguo. Nikauvuta mlango. Mzee alikuwa kwenye benchi, hana kitu mwilini. Ana mkono mmoja tu unaofanya kazi, Baba, na kwa mkono ule hakujifunika mwili. Alijifunika uso.

Nilirudisha mlango nikaenda kukaa jikoni chini. Siku mbili hakugusa chakula kilichotoka mkononi mwangu. Ipyana alipomuuliza, alisema tumbo linamsumbua. Hakunisema. Angeweza kuita kikao, kwao kosa hilo lina taratibu zake na mnyama wake, lakini alilimeza, na mimi nikaona nikikaa hivi hivi litatokea tena na safari hiyo halitamezwa. Nikaenda sokoni Mwanjelwa nikanunua komeo.

Nililifunga mwenyewe, kwa bisibisi uliyoniachia. Mtoto wa fundi, ati. Nililiweka juu, usawa wa bega langu, ili Yotamu asilifikie akajifungia. Nikamtuma Ipyana amwambie baba yake kwamba sasa kuna komeo, ajifungie kwa amani. Ipyana akaniuliza kama wewe umekubali. Nikasema ndiyo. Halafu nikalijaribu mara tatu, likateleza vizuri. Nililijaribu huku nimeushika mlango kwa mkono mwingine, maana mimi ninayo mikono miwili. Kamba yako ya katani, uliyoisahau kwetu, ilikuwa imening'inia pale pale kwenye msumari wa taulo, na fundo la mkono wake. Sikuitazama.

Umeshaelewa, najua, wewe huwa unaelewa kabla ya mtu kumaliza. Ule mkono wa kulia ulikuwa ndio wa kushikia chuma. Ulikifanya kirefu vile ili usikiachie hata mara moja. Mimi nikampa kazi ya kukiachia, kuingia na kutoka, na kuunyoosha mkono juu. Walipouvunja mlango walimkuta chini karibu na pale kilipokuwa kizingiti, si kwenye benchi. Komeo lilikuwa limefunguka nusu. Ipyana hakuliuliza kwa sababu aliamini umelikubali, na wewe hukuuliza kwa sababu hukujua lipo. Asubuhi ya mazishi, kabla hatujaondoka kwenda Tukuyu, nikalifungua skrubu zake nikalificha kwenye debe la unga.

Ningependa kuishia hapo. Nimekaa na kalamu tangu Tumpe aende shule, nimechemsha chai mara mbili, na zote mbili zimepoa.

Sikuwa bustanini, Baba. Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Nilisikia kishindo, kisha gongo likilala chini. Nikasimama koridoni. Akaniita. Kwanza alisema, “Mama Tumpe.” Sikuamini, nikadhani nimesikia vibaya, kwa sababu hajawahi kuniita. Akasema tena, pole pole, kwa Kiswahili ili nielewe, “Mwanangu, njoo unifungulie.”

Nilikwenda nikaleta nyundo na msumari. Ulinifundisha, na mikono yangu ilikumbuka. Nikauweka msumari kwenye pini ya chini, nikapiga mara moja, pini ikapanda. Ikabaki kupiga mara mbili tatu, na ile ya juu. Nikauona ule mkono ukifunika uso. Nikaona hatakula tena kwangu, nikamwona shangazi, nikaona wakisema binti wa Kihehe amemvua nguo baba mkwe mara ya pili. Nikaiweka nyundo chini taratibu ili asisikie kwamba nilikuwa hapo. Nikatoka nje nikampigia Ipyana. Nikatafuta mwanamume mtaani, mlango wa jirani yetu Mzee Anania umefungwa, wengine wameshatoka kwenda kwenye shughuli. Ipyana alifika na wenzake wawili baada ya karibu saa nzima. Saa hiyo yote maji yalikuwa yakimtiririkia, nayasikia mpaka leo, na alikuwa ameshaacha kuita.

Yeye mwenyewe alikuwa ameivunja desturi, Baba. Alinivunjia mimi, kwa kinywa chake, yeye mwenye nayo. Mimi niliyejifunza ukubwani ndiye niliyekataa kuiacha. Na kule hospitalini, Alhamisi, Ipyana alipomuuliza kama alimwita mtu, alisema hapana, hakuita. Alinimezea na hilo.

Kwa hiyo usije kuinama mbele yao. Kwenye kikao cha Jumamosi mimi nitasimama niseme yote, la komeo na la nyundo. Ipyana nitamwambia Ijumaa, asilisikie mbele za watu. Sijui kama atabaki kunitazama. Ikiwa watanirudisha, mwambie Mama anitandikie kile kitanda cha chumba cha nje, nitakuja na Yotamu, Tumpe yuko kwenye mitihani. Wewe ushushe mwiko wako darini ukamalizie ukuta wa watu. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, lakini fanya kazi huku umekasirika.

Nisalimie Mama sana, umwambie barua hii asiisome mtu mwingine. Nisalimie Baba mdogo, umpe pole ya safari isiyokuwepo. Komeo nimelifunga ndani ya gazeti, Ambrosi atakupa mkononi, skrubu zote nne zimo. Mlangoni yamebaki matundu manne. Taulo Tumpe amelitundika tena, ingawa hakuna anayeoga mle, wote tunaogea nyuma ya nyumba kwenye baridi.

Mungu akulinde, Baba, na akupe masikio. Nimeandika neno linalofuata hapa chini nikalifuta, nikaliandika tena, kwa sababu mtu wa mwisho aliyeniita hivyo sikumwitikia.

Mwanao,
Evarista