Tulishinda Ugenini, Kiti Changu Kikiwa Kitupu

S.L.P. 212,
Nyumba ile ile, chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 16 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kulegea. Kifua chako kimepona? Mara ya mwisho tulipoongea ulikohoa mara tatu kabla laini haijakatika, nami nikabaki nimeshika simu, naendelea kukupa pole wakati hunisikii.

Mimi sijambo. Baba naye hajambo kwa kadiri yake. Anakula vizuri, anapenda kukaa dirishani asubuhi, na ndevu namnyoa mwenyewe kila Jumatano. Mkono wa kulia bado umelala tangu kile kiharusi, na maneno yake hayajazidi yale matano au sita unayoyajua.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa nawahi kusema "tuko salama" hata hujauliza, halafu tunaagana.

Kwanza habari njema. Timu ya kikapu ya chuo imeshinda ugenini, Kaka. Kule kule! Ukumbi ule ambao tangu uondoke hatujawahi kutoka na chochote zaidi ya visingizio, miaka kumi na moja. Sitini na nane kwa sitini na tano. Najua hapo ulipo umesimama, kaa chini nikusimulie.

Mashabiki tulikodi basi zima. Mimi nilikata tiketi wiki mbili kabla, kiti namba kumi na tisa, dirishani. Muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili alikubali kukaa na Baba kutwa nzima. Nilifua fulana ya bluu, nikafunga duka la kopi tangu Ijumaa saa tisa na kubandika karatasi mlangoni: "Tumekwenda kushinda." Nilikuwa na furaha ya kitoto, nakwambia ukweli. Sijatoka nje ya mji huu tangu Baba augue.

Jumamosi hiyo, tarehe 8, saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nachana nywele nikasikia kishindo. Baba alikuwa ameinuka peke yake. Nadhani alitaka kuniaga mlangoni, maana nilimkuta ameshika kiatu changu kimoja, amelala ubavu kati ya kitanda na kabati. Muuguzi alifika, akampapasa mifupa, akasema hakuna kilichovunjika, ila ameshtuka sana na leo asiachwe na mtu asiye wake. Hakusema nisiende. Aliniangalia tu.

Niliandika kwenye kundi letu la simu: "Jamani, Baba ameanguka, sitakuja, mshangilie na kwa niaba yetu." Ujumbe wangu ulikaa kama dakika moja, kisha zikamiminika picha za watu wameshika bendera, vichekesho, na mtu akiuliza nani kabeba filimbi. Hakuna aliyenijibu. Sikuwalaumu. Asubuhi ya safari nani anasoma?

Mchezo ulianza saa kumi alasiri. Baba alikuwa amekunywa dawa ya maumivu, kalala kwenye kiti chake, kichwa begani. Nikafungua redio ya chuo sauti ya chini, nikaketi sakafuni karibu na miguu yake. Mtangazaji alikuwa mwanafunzi mwenye mafua, kila baada ya kikapu anapenga. Hadi mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na nne. Robo ya nne ikiwa imebaki dakika sita, yule mrefu wetu, Mnara, akapata faulo ya tano, akatoka. Nikasema basi, ni yale yale, ya kila mwaka.

Lakini kuna kijana mmoja wewe humjui, wanamwita Kijiti. Mfupi, mwembamba, ukimwona barabarani utadhani ametumwa chumvi. Huyo Kijiti aliwapokonya mpira mara tatu mfululizo. Akarusha kutoka mbali, ukaingia. Akarusha tena. Mtangazaji akasahau mafua. Tukawa sawa, sitini na tano kwa sitini na tano, sekunde arobaini zimebaki, mpira wetu. Hapo redio ikakata.

Ikakata kabisa, Kaka! Nikaipiga kofi, nikazungusha waya, nikaipeleka dirishani. Kimya. Nikasubiri nimeikumbatia kama mgonjwa, mpaka simu ikaanza kutetemeka: ujumbe tisini na sita kwa dakika chache. Tumeshinda. Nikataka kupiga yowe, nikamtazama Baba jinsi alivyolala baada ya siku ile, nikashindwa. Nilichukua taulo lake nikalitia mdomoni nikapiga kelele ndani ya taulo. Nadhani hakuna shabiki duniani aliyeshangilia vibaya kama mimi.

Alipoamka nilimwambia, nikamwandikia na matokeo kwenye karatasi. Alicheka kwa upande ule wa kushoto. Unakumbuka ni yeye aliyekuwa akipaka rangi mistari ya uwanja wa chuo, akitubeba sisi wawili tukashike kamba? Akanyoosha kidole kwenye simu, kisha akaonyesha ile picha yako ukutani. Nikakupigia. Ikaita mpaka ikakatika. Akaonyesha tena, nikapiga tena. Nikamwambia yuko kazini, Baba. Akasema "bado", na mpaka saa ya kulala alikuwa akiitazama simu.

Sasa sikia kilichotokea Jumatatu. Unajua mashabiki wote hukutana dukani kwangu, kwa sababu nina benchi na sijui kumfukuza mtu. Nilipofungua tu, akaingia Spika, yule muuza vipuri mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nyuma yake akaingia Takwimu, mkutubi mstaafu anayeandika matokeo yote kwenye daftari. Wakaja na wengine. Mabishano yakaanza kabla printa haijapata moto: je, kwenye ule mrusho wa mwisho mguu wa Kijiti ulikanyaga mstari? Je, kocha alikosea kumwacha Mnara na faulo nne? Nilikuwa nasubiri wamalize niulizwe habari ya Baba.

Spika akanigeukia, akasema, "Mwulizeni huyu! Huyu alikuwa nyuma yangu, alipiga kelele mpaka masikio yakaziba. Wewe, si uliona mguu wake?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, hakuwa anatania. Nikawatazama wengine, wote wananisubiri nijibu.

Kaka, sijui ni shetani gani aliyenipitia. Nikasema, "Niliona." Wakaniambia haya, simulia. Nikasimulia zile sekunde arobaini ambazo hata redio haikunipa. Nikasema Kijiti alidundisha mpira mara mbili, akatazama saa, akavuta pumzi, halafu akarusha huku amefumba macho.

Spika akapiga meza. "Kabisa! Alifumba macho! Nilisema mimi!"

Hakuna aliyepinga. Takwimu akaandika kwenye daftari. Kufika Jumanne mji mzima unasema Kijiti alirusha amefumba macho. Mimi nikatoa kopi zangu, nikacheka nao, na jioni nilipofunga mlango nikaketi kwenye lile benchi nikashindwa kuinuka. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Langu lilikuwepo, Kaka, tena lilipiga kelele. Mimi ndiye niliyekosekana, na hakuna aliyenikosa. Ningekuwa nimekufa Jumamosi ile, Spika angeapa aliniona basini.

Alhamisi mchana, duka likiwa tupu, alikuja dereva wa lile basi, mzee mkimya mwenye kofia, yule yule aliyenikatia tiketi, anataka kopi ya leseni. Nilipokuwa naifunika mashine akasema, "Wewe ni wa kumi na tisa."

Nikamwuliza kumi na tisa gani.

"Kiti cha kumi na tisa. Hukuja. Nilisubiri dakika kumi pale getini, wakanizomea mpaka nikaondoa gari." Akaitazama leseni yake ikitoka. "Kuna msiba?"

Nikasema hapana, Baba alianguka, lakini anaendelea vizuri.

"Afadhali," akasema, akakunja kopi yake, akaondoka.

Basi, maneno hayo tu. Nilienda nyuma ya pazia nikalia mpaka mteja aliyefuata akadhani nimeumia kidole kwenye mashine.

Jioni ile Spika akaingia na mgeni, anamsimulia jinsi mimi nilivyoruka kwenye mrusho wa mwisho. Nikamwambia, "Spika, mimi sikuwepo."

"Acha utani. Nilikuona."

"Nilikuwa nyumbani. Baba alianguka asubuhi. Niliwaandikia."

Akatoa simu, akapekua kurudi nyuma siku nzima ya picha na vicheko, mpaka akaufikia ujumbe wangu. Akausoma kwa sauti, lakini sauti yake ilipungua kila neno, mara ya kwanza namsikia akiongea kama watu. Takwimu akafungua picha za basini, akahesabu nyuso moja moja kwa ncha ya kalamu, kisha akavua miwani. Akauliza, "Na macho? Alifumba au hakufumba?" Nikamwambia sijui, mzee wangu, hata redio ilikata. Akafuta mstari ule kwenye daftari kwa rula, polepole, kama mtu anayefunika maiti. Hapo tukacheka wote, cheko la aibu, na Spika akaniomba radhi mara nyingi mpaka nikamwambia inatosha.

Sitaki udhani ni watu wabaya. Jana tulikuwa na mchezo wa nyumbani, na Takwimu mwenyewe alijitolea kukaa na Baba ili niende. Nilienda. Walinitengea nafasi katikati, Spika kila dakika ananigeukia kama anahakikisha nipo. Tulishinda kirahisi. Lakini nilitazama saa kuliko nilivyotazama mpira, na kila tulipofunga niligeuka kushoto kusema neno, kule ulikozoea kukaa, nikakuta mwanafunzi nisiyemjua anakula karanga. Niliporudi nyumbani nikamkuta Takwimu amelala fofofo kwenye kiti, na Baba yuko macho anamlinda. Mzee wa miaka sabini na nne hawezi kumwinua mwenzake. Saa mbili ndizo uwezo wake, na namshukuru kwa hizo.

Mimi na wewe ndio watu wa Baba, Kaka. Uliondoka kwa sababu ilibidi, mizigo yako niliifunga mwenyewe na sijawahi kujuta. Mahitaji ya Baba unayatuma, hayapungui. Lakini ni mwaka wa nne hujavuka kizingiti hiki, na siku hizi nikiulizwa habari zako nasema "yuko salama" kwa kubahatisha, kama nilivyosimulia mrusho wa Kijiti.

Fainali itachezwa tarehe 26 na 27 Aprili, mbali zaidi, kwa hiyo ni lazima kulala huko. Basi limeshakodiwa, na dereva ameniambia kiti changu hatampa mtu mpaka nimjibu. Nataka kwenda. Sijawahi kukuomba kitu kwa ajili yangu tangu nilipokuomba unifundishe kuendesha baiskeli, leo nakuomba. Chukua likizo, uje ukae na Baba siku hizo mbili. Umnyoe ndevu, umsogeze dirishani asubuhi, umsikie akisema "bado". Hata kama hutaweza kuja, mpigie Alhamisi jioni, uongee naye muda mrefu. Anasikia kila kitu.

Nisalimie wifi sana, umwambie kitambaa alichonitumia nimekishona na kimenikaa. Wabusu wale mapacha, uwaambie shangazi yao anajua kusimulia mpira hata asiouona. Mama mdogo wa huko mfikishie shikamoo yangu na salamu za Baba. Muuguzi wa nyumba ya pili anakusalimu, na Spika ameniambia niandike jina lake kwa herufi kubwa, kwa hiyo: SPIKA anakusalimu.

Mungu akulinde njiani na kazini, akuondolee hicho kikohozi, akupe na usingizi mzuri ugenini huko.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ukisema utakuja, nitafurahi. Ukisema huwezi, nitaelewa, nitaenda kumwambia dereva, na tutabaki ndugu. Hapana yako naiweza, Kaka. Kimya chako ndicho kinachonishinda.

Mdogo wako, anayekupenda na kukukosa,
Chiriku