Pikipiki Yako Haiuzwi, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai umzima huko kambini kwa wajenzi wa barabara, na kikohozi cha vumbi la barabara kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, na mdogo wangu anakula utadhani anajenga ghorofa.

Uliandika kwamba pikipiki yako kubwa ya safari iuzwe kwa mnunua vyuma chakavu, kwa kuwa mama aliapa hatakaa tena nyuma yako tangu breki zikatae kwenye mteremko wa mnara wa simu mkaishia kwenye ua wa miiba. Barua ile ilinikera, Baba, sikufichi. Ndiyo pikipiki iliyonifundisha kushika spana! Nikambembeleza mama tukakubaliana: ikipanda hadi mnarani bila kuzima, ikashuka bila kututia kiwewe, haiuzwi. Ikishindwa, mnunuzi aje na mkokoteni wake, nami nitafunga mdomo.

Nilianza na mafuta. Kabureta ilikuwa imechoka, kila mlima inakohoa kisha inazima. Niliing'oa, nikafunga pampu ya umeme na injekta ya kupulizia mafuta kwenye injini, kutoka kwenye pikipiki mpya iliyogongwa. Hapo ndipo nilipojiaibisha. Kwa ubahili wangu (najua nimeurithi kwa nani) niliuacha mpira wa zamani wa kupitishia mafuta. Miaka yote mafuta yalikuwa yakiteremka yenyewe taratibu kutoka kwenye tangi, mpira haujui shida. Pampu iliposukuma mara moja tu, ukapasuka na kuniogesha petroli. Bosi wa gereji, yule tunayemwita Babu Grisi, alinifukuza mbali na mashine ya kuchomelea, kisha akacheka hadi akashika mbavu. Alisema nimempa mzee moyo wa kijana nikamwachia mishipa yake ya kizee. Nikanunua mpira unaostahimili nguvu ya pampu, na tangu hapo inawaka kwa kuguswa tu.

Breki za mbele nilizitupa zote. Nikafunga diski mbili, na mipira iliyosukwa kwa waya isiyovimba ukibana. Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki kulinitoa jasho, maana kila nikidhani umekwisha, kipovu kingine kinachungulia. Sikukubali hadi mkono wa breki ulipokuwa mgumu kama jiwe.

Jumapili asubuhi tulipanda mnarani, watu wawili na mzigo, na injini haikukohoa hata kidogo. Tukageuza. Katikati ya mteremko, baada ya kona, lori la mchanga lilikuwa limeziba njia, dereva anabadilisha tairi. Breki zikabanwa, na pikipiki ikasimama palepale, imenyooka, haikuyumba. Dereva aliacha jeki yake akatupigia makofi. Baba, nililia kwa furaha, na sioni haya kukuambia.

Sasa kaa chini kwanza. Nimesema tulipanda, sijasema nani aliendesha. Alikuwa mama. Mimi nilikuwa nyuma, nimemng'ang'ania kiunoni. Wakati nasubiri vipuri alinijia gerejini, akaniambia kwamba siku ile ya miiba hakuiogopa pikipiki. Kilichomtesa ni kukaa nyuma, kuuona ua unakuja, na mikononi hana breki wala la kufanya. Basi kila jioni nikawa namfundisha uwanjani kwa pikipiki ndogo ya gereji. Alianguka, akainuka, akanigombeza mimi. Sasa anakata kona vizuri kuliko wewe, na hayo si maneno yangu, ni ya Babu Grisi.

Babu Grisi anakusalimu, na majirani wote pia. Mdogo wangu anaomba umletee viatu. Mama hatumi salamu, kwa sababu anazileta mwenyewe: Jumamosi anakuja kukuchukua kwa likizo. Anasema utakaa nyuma, uvae kofia ngumu, na usimshikie breki.

Ni mimi binti yako,
Spana